Kahawa Chachu, Chai ya Barafu Yenye Ukungu: Kutafuta Kosa Jikoni Nyanda za Juu Kusini

Kahawa inatoka Mbozi na Mbinga, majani ya chai yanachumwa Rungwe, Mufindi na Njombe, mchele unapanda kutoka Kyela, viazi vinashuka kutoka Umalila na Makete. Sisi wa Mbeya na Iringa tumekaa katikati ya vyote hivyo. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu wa Mbeya anakunywa kahawa mbaya, au anamwaga jagi zima la chai ya barafu akidhani majani yalikuwa machafu. Mara nyingi kahawa haina kosa, na majani hayana kosa. Tatizo ni kwamba tunafuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ilhali sisi tunaishi juu na tunapikia kwenye baridi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji. Ukimaliza hapo, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayokusumbua.

Kabla hujalaumu kahawa, angalia maji

Dar es Salaam maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, nyuzi moja inapungua, kwa sababu hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi zaidi huku juu. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka karibu na nyuzi 94. Njombe, karibu na mita 2,000, ni nyuzi 93. Ukishuka Kyela, mita 500 na kidogo, yanarudi hadi nyuzi 98. Majani yale yale, sufuria ile ile, lakini chai ya Kyela itakolea haraka kuliko ya Njombe, wala hakuna uchawi.

Kuongeza moto hakusaidii. Maji yakishaanza kutokota, moto mkali unamaliza maji na mkaa tu, joto linabaki pale pale. Kinachosaidia ni muda, kufunika, na kutopoteza zile nyuzi chache ulizonazo.

Zinapotea wapi? Kwenye vyombo. Mwezi wa Juni au Julai, kikombe kilicholala kabatini usiku kucha, au birika la udongo, kinanyonya nyuzi kadhaa mara tu unapomimina. Suuza chombo kwa maji ya moto kwanza, mwaga, halafu ndipo uweke kahawa au majani. Hata chupa ya chai ifanyie hivyo, maana chupa iliyopashwa inatunza joto vizuri zaidi kuliko iliyotoka kwenye kabati la baridi. Hatua hii moja imetosha kuponya vikombe vingi ninavyovijua.

Kahawa ni chachu, nyepesi, inabana pembeni mwa ulimi

Maji yanapopita kwenye kahawa hayachukui kila kitu kwa pamoja. Uchachu unatoka mapema, utamu na uzito vinafuata, uchungu unamalizia. Kahawa iliyo chachu tupu ni kahawa ambayo maji hayakupata nafasi ya kufika kwenye utamu. Ama maji yalikuwa ya vuguvugu, ama kahawa imesagwa punje kubwa mno, ama muda ulikuwa mfupi.

Hapa ndipo maelekezo ya wenzetu yanapotupotosha. Pakiti nyingi na vitabu vingi vinasema: chemsha maji, subiri nusu dakika au dakika nzima yapoe, ndipo umimine. Kwao ni sahihi, kwa sababu kahawa inapenda maji ya nyuzi 90 hadi 96 na yao yako kwenye 100. Yako wewe wa Mbeya, Mafinga au Njombe tayari yako humo ndani yanapochemka. Ukiyasubirisha, kisha ukayamimina kwenye chombo cha baridi, umeshuka chini ya 90 kabla hujaanza. Mimina moja kwa moja kutoka motoni, funika, hesabu dakika nne.

Ikiwa bado ni chachu, saga laini zaidi kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kimekuponya. Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kwa kikombe kikubwa cha robo lita ni vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Wengi tunaweka kijiko kimoja halafu tunalalamika kwamba kahawa ni maji.

Ila usikimbilie kutibu kila uchachu. Kahawa ya huku ni arabika, na arabika iliyokomaa taratibu kwenye baridi ina uchachu wake wa matunda unaochangamsha mdomo kisha unaacha utamu nyuma. Huo ni sifa, na wanunuzi wa nje wanaulipia. Mbaya ni ule unaobana na kubaki umebana. Ukitaka kuvitofautisha, acha kikombe kipoe hadi kiwe vuguvugu kisha onja tena. Uchachu mzuri unazidi kuwa mtamu kikombe kinapopoa, mbaya unazidi kuudhi.

Na kuna uchachu wa tatu, wenye harufu ya siki au ya tunda lililooza. Huo haukutoka jikoni kwako. Ni kahawa iliyokaa kupita kiasi kwenye tangi la kuchachusha baada ya kumenywa, au matunda yaliyochelewa kumenywa baada ya kuchumwa. Hakuna maji wala kinu kitakachouondoa. Badilisha kahawa.

Kahawa ni chungu, inakausha koo

Kwanza tuelewane. Kahawa chungu ya kwenye birika la muuza kahawa, inayomiminwa kwenye vikombe vidogo na kunywewa na kashata au karanga, imekusudiwa kuwa chungu, na utamu wake uko mkononi mwako. Usiitibu.

Ninayozungumzia ni ile uliyotaka iwe laini ikatoka kama dawa. Sababu ya kwanza jikoni kwetu ni kuichemsha kwa muda mrefu. Mtu anaweka kahawa na maji kwenye sufuria, anaacha vitokote pamoja huku akifagia uwanja. Chemsha maji peke yake, epua, ndipo utie kahawa, koroga mara moja, funika. Baada ya dakika nne nyunyizia kijiko cha maji baridi juu, na machicha mengi yatazama chini. Mimina taratibu kupitia chujio la kitambaa.

Sababu ya pili ni kupasha upya. Kahawa iliyokaa jikoni juu ya makaa tangu asubuhi inaendelea kubadilika, na asidi zake zinavunjika kuwa kitu kikali zaidi. Ikibaki, iweke kwenye chupa ya chai ikiwa bado moto na uinywe ndani ya saa moja au mbili. Ikishapoa, inywe ikiwa baridi.

Ikiwa imeshatoka chungu na wageni wameshakaa, chembe chache za chumvi kwenye birika zitapunguza makali. Chembe, sio kijiko.

Ni chachu na chungu kwa wakati mmoja

Hii huwachanganya watu, na jibu lake karibu kila mara ni kinu. Ukitwanga kahawa kwa kinu na mchi unapata vumbi na mapande pamoja. Vumbi linatoa uchungu, mapande yanatoa uchachu, na vyote viko kikombe kimoja. Pitisha kahawa yako kwenye chujio la chai lililo kavu, mapande yarudi kinuni. Vumbi jepesi mno litenge kwa ajili ya kahawa chungu ya birika.

Kama unakaanga buni mwenyewe, angalia pia moto. Kikaango kilichojaa hakigeuki vizuri, kwa hiyo punje nyingine zinaungua nje na kubaki mbichi ndani, na zile mbichi ndizo zinazoleta ladha ya majani au ya unga usioiva. Kaanga kidogo kidogo, safu moja tu ya punje, mkono usitulie. Utasikia zinaanza kualika kama bisi. Kuanzia hapo ni dakika moja au mbili tu kwa kahawa ya wastani. Ukisubiri hadi mlio wa pili, ule mwembamba wa haraka haraka, mafuta yanaanza kujitokeza juu ya punje na uchungu unatawala. Mimina kwenye ungo, toka nje, pepeta mpaka zipoe kabisa, maana punje ya moto inaendelea kujikaanga yenyewe.

Na usiinywe siku hiyo hiyo. Kahawa iliyotoka kukaangwa imejaa kaboni dioksidi. Ukiimiminia maji inatoa povu jingi, maji hayapenyi, na ladha inakuwa kali isiyo na uzito. Iache siku moja hadi tatu kwenye kopo lisilobanwa sana, kisha lifunge.

Kahawa haina harufu

Imezeeka. Ikishasagwa, harufu yake nzuri inaondoka ndani ya siku chache na mafuta yake yanaanza kuvunda. Ikiwa bado punje inavumilia wiki kadhaa. Nunua kidogo, saga ya kutosha siku mbili, hifadhi kwenye kopo kavu mbali na jiko. Dukani tafuta pakiti iliyoandikwa tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikuambii kama kahawa bado ina uhai.

Kahawa ya unga ya kuyeyusha, kama Africafe inayotengenezwa Bukoba na Tanica, ina shida yake, ambayo ni kugandamana kwenye kopo, hasa kwa watu wa Tukuyu wanaoishi na mvua. Unga huo unavuta unyevu wa hewa. Tumia kijiko kikavu na ufunge haraka. Kikombeni, ukiona inaelea mabonge, ikoroge kwanza na kijiko kimoja cha maji baridi hadi iwe uji, kisha mimina maji ya moto.

Chai ya rangi imepauka

Majani ya chai nyeusi yanataka maji yaliyochemka kabisa, na sisi tunayapa nyuzi 94. Yape dakika moja zaidi. Kama pakiti inasema tatu, acha nne, na ufunike. Ukichemshia kwenye sufuria, dakika mbili za kutokota zinatosha. Ukitaka chai nzito zaidi ongeza majani, usiongeze muda, kwa sababu muda mrefu unaleta ukakasi kuliko unavyoleta nguvu.

Nusa majani pia. Majani ya chai yanabeba harufu ya chochote kilicho jirani yake: sabuni, dagaa, mafuta ya taa. Kama yamekaa kwenye rafu moja na vitu hivyo, hakuna tangawizi itakayoficha.

Chai ya barafu ina ukungu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo swali linaloulizwa zaidi na ndilo linalofanya chai nzuri imwagwe bure.

Chai ya barafu haina kazi kubwa Njombe mwezi wa saba. Lakini Oktoba Mbeya jua linauma, na ukishuka Usangu, Chunya, Pawaga au Kyela utaitaka mwaka mzima. Maelekezo mengi ya kinywaji hiki yanatoka Marekani, ambako kilipata umaarufu mkubwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Yanachukulia kwamba una friji kubwa, unakaa kwenye joto, na majani yako ni mepesi. Majani ya kwetu si mepesi. Ni ya punje ndogo, yamekatwa na kusokotwa kiwandani ili yakolee haraka na kuhimili maziwa. Ndiyo maana ukiyatumia kwa kipimo cha kigeni unapata jagi linalofanana na maji ya mto baada ya mvua.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya chai nyeusi mna kafeini, na mna theaflavini na thearubijini, ambazo ndizo zinazoipa rangi na makali. Chai ikiwa ya moto, kila kimoja kinaogelea peke yake na chai inang'aa. Ikipoa vinaanza kushikana na kuwa chembe kubwa za kutosha kuzuia mwanga. Chai yenye nguvu ina viini vingi zaidi vya kushikana, kwa hiyo inaweka ukungu zaidi. Kwa maneno mengine, ukungu ule ni ushahidi kwamba majani yako yana nguvu. Hauna madhara yoyote. Marekani hununua chai nyingi ya Argentina kwa ajili ya kinywaji hiki kwa sababu inabaki angavu, ingawa kwa chai ya maziwa mimi singeibadilisha na ya Mufindi hata siku moja.

Dawa ya papo hapo ni kuongeza maji yanayochemka kidogo kidogo huku ukikoroga. Chembe zinaachana na chai inang'aa tena. Itakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo usizidishe.

Kinga ni bora. Usiitoe chai jikoni na kuitia kwenye friji papo hapo. Ichuje, ifunike, iache mezani ipoe yenyewe hadi joto la chumba, halafu ndipo iingie kwenye friji. Punguza majani pia: kwa lita moja ya maji, vijiko vitatu vya chai vya punje ndogo vinatosha. Usikamue kifuko wala chujio, maana kile unachokikamua ndicho hasa kinacholeta ukungu na ukakasi.

Kinga ya uhakika zaidi ni kuloweka majani kwenye maji baridi. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, tia majani, vijiko vitatu hadi vinne kwa lita, weka kwenye friji. Punje zetu hutoa haraka, kwa hiyo anza kuonja baada ya saa nne. Wengi wataridhika kati ya sita na nane. Chuja kwa kitambaa safi. Chai hii haina ukakasi, haina ukungu, na inahitaji sukari kidogo tu. Jambo la kuzingatia ni usafi. Maji baridi hayaui vijidudu vilivyo kwenye majani au kwenye jagi, kwa hiyo jagi lioshwe kwa maji ya moto, chai ikae kwenye friji muda wote, na inywewe ndani ya siku moja au mbili. Usiloweke kwenye jua kama wengine wanavyoelekeza. Joto la vuguvugu ndilo wanalolipenda bakteria.

Kama maji yako ni ya kisima na birika linajenga ukoko mweupe ndani, ukungu utazidi, na hata chai ya moto itakuwa na utando wa rangi ya kahawia juu. Ni kalsiamu. Chemsha maji usiku, yaache yatulie hadi asubuhi, tumia ya juu na uache mashapo chini. Matone machache ya limao nayo huondoa utando. Limao litaipausha chai pia, lakini hiyo ni rangi tu inayobadilika kwa asidi, nguvu iko vile vile.

Chai ya barafu imekuwa maji

Barafu imeyeyuka na hukuihesabia. Nusu ya kinywaji chako inatoka kwenye barafu, kwa hiyo nusu lita ya maji ya moto ipewe majani ya lita nzima, dakika nne, chuja, kisha mimina juu ya barafu nusu kilo. Utapata nguvu unayoitaka, na utapata ukungu pia, kwa sababu umepoza chai nzito kwa ghafla. Hapo chagua kimoja. Kwa wageni ninaotaka waone glasi inang'aa, napika chai ya kawaida, naipoza taratibu, na barafu yake naitengeneza kwa chai hiyo hiyo. Ikiyeyuka, inarudi kuwa chai.

Sukari kuzama chini ya glasi ni kwa sababu maji baridi hayaiyeyushi haraka. Tengeneza shira: kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, pasha hadi isionekane. Hapo ndipo pa kutia tangawizi iliyopondwa au mchaichai, ichemke navyo dakika tano, ichujwe. Inakaa kwenye friji hadi wiki mbili. Asali nayo izimuliwe kwa maji ya uvuguvugu kwanza.

Kama chai ina harufu ya samaki, nusa barafu. Barafu isiyofunikwa inanyonya harufu zote za friji. Na barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, kwa sababu kuganda hakuui vijidudu vya maji machafu.

Maziwa yamekatika

Umechemsha chai ya maziwa kwa tangawizi, na ghafla vinaelea vipande vyeupe. Shaka ya kwanza inakwenda kwa aliyekuuzia maziwa, na mara nyingine ni haki: maziwa ya jana jioni yaliyochanganywa na ya leo asubuhi yameshaanza kuchachuka hata kama hayanuki, na yakipata joto yanaganda. Jaribu kwa kuchemsha kijiko kimoja au viwili peke yake kwenye kikombe cha chuma. Yakikatika hapo, chai haina kosa.

Yasipokatika, mtuhumiwa ni tangawizi mbichi. Ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kinafanya kazi kwa bidii zaidi maziwa yanapokuwa kwenye nyuzi 60 hivi, yaani pale pale yanapopanda moto. Kuchemka kunakiua. Kwa hiyo badilisha mpangilio. Tangawizi iliyopondwa ianze na maji, itokote dakika tano, kisha majani, kisha maziwa mwishoni. Wanaotia kila kitu kwa mkupuo wanacheza bahati nasibu kila asubuhi. Iliki na mdalasini havina shida hii, ingia navyo wakati wowote.

Limao na maziwa havikai chungu kimoja. Kahawa yenye uchachu mwingi nayo inaweza kuyakata maziwa yaliyokaribia kuchachuka. Pasha maziwa kwanza, na umimine kahawa ndani yake polepole.

Chai ya maziwa isilale kwenye chupa hadi jioni. Ikishashuka chini ya nyuzi 60 inaanza kuharibika huku bado ikihisi kuwa moto mdomoni. Ikikaa zaidi ya saa nne, imwage. Chupa yenyewe ioshwe kwa brashi na magadi, kizibo kifunguliwe, kwa sababu harufu mbaya inajificha kwenye mpira wa kizibo.

Mwili unalalamika

Kama kahawa ya jioni inakunyima usingizi, kumbuka kwamba nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi jioni kinafika na wewe kitandani. Arabika ya huku ina karibu nusu ya kafeini ya robusta ya Kagera, kwa hiyo hata aina unayokunywa inahesabika. Kichwa kikiuma siku uliyoiacha, punguza taratibu kwa wiki moja badala ya kukata ghafla. Na mama mjamzito, au mtu mwenye upungufu wa damu, asinywe chai pamoja na chakula. Chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa, hasa yale ya maharage na mboga za majani. Asubiri saa moja.

Maandazi hayaumuki, maharage hayaivi, chipsi zimekuwa nyeusi

Vya kusindikiza chai navyo vina ugomvi na baridi, na maelezo yake ni mafupi.

Maandazi: hamira haijafa, imelala. Kwenye chumba cha nyuzi 13 itachukua mara mbili ya muda au zaidi. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, sio ya moto, na uweke beseni lililofunikwa karibu na jiko lililozimwa, au ndani ya beseni kubwa lenye maji ya uvuguvugu.

Maharage: nyuzi 94 ni chache kwao, na kama yamekaa ghalani tangu mwaka juzi, yatakuaibisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji. Nyanya na limao visubiri mpaka yaive, kwa sababu asidi inazuia ganda kulainika. Magadi yanaharakisha lakini yanapoteza vitamini na kubadili ladha, kwa hiyo yawe ya mwisho kufikiriwa. Presha kuka ndiyo jibu halisi la watu wa milimani, maana inarudisha ule mgandamizo ambao hewa yetu haina, na maji ndani yake yanapita nyuzi 100.

Chipsi: viazi vilivyolala kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 8, vinageuza wanga wake kuwa sukari, na sukari inaungua kwenye mafuta kabla kiazi hakijaiva. Viazi vya Makete vilivyopigwa na baridi ya Juni viache wiki moja au mbili ndani ya nyumba, kwenye giza, mahali pasipo na baridi. Ukivikata, loweka kwenye maji, kausha kwa kitambaa, kaanga mara mbili: ya kwanza kwa moto wa wastani mpaka vilainike, ya pili kwa moto mkali mpaka vipate rangi. Kiazi chenye kijani usikitumie.

Togwa haijawa togwa

Kama uji umebaki mzito na hauna utamu, ulitia kimea cha ulezi ukiwa wa moto mno na ukaua kile kinachogeuza wanga kuwa sukari. Uji uwe wa moto ambao kidole kinauvumilia kwa taabu. Kama umelainika na kuwa mtamu lakini haujachachuka baada ya usiku mzima, kimea hakina kosa, ni baridi ya chumba. Funga chungu kwa blanketi, kiweke jikoni, na utie kikombe kimoja cha togwa ya zamani kama unayo. Onja asubuhi na jioni. Ikifika uchachu unaoutaka, itoe jikoni uipeleke mahali pa baridi, na kwa Njombe mwezi wa saba hapo ni nje tu ya mlango.